Siku Nane Misri, Nikimfuata Dundu wa Buluu

Siku ya kwanza: Kairo

Nimetua alfajiri. Mtoto wa kaka yangu, aliye mwaka wa tatu Al-Azhar, alinipokea na koti la sufu mkononi. Alijua shangazi yake atakuja na baibui lake jepesi la Unguja, kana kwamba Januari ya hapa ni Januari ya kwetu. Nimelivaa palepale mlangoni mwa uwanja wa ndege.

Tumefikia mtaa wa Al-Hussein, nyumba ya wageni ambayo dirisha lake linatazama minara. Nililala hadi adhuhuri, nikaswali, nikala ful na mkate wa moto, na jioni nikamwambia: "Haya mwanangu, nipeleke nikawaone dundu."

Niseme kwanza nimefuata nini huku. Kazi yangu ni kutunga shanga. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea mkufu uliokatika nimtungie upya. Katikati ya shanga za kioo palikuwa na sanamu ya dundu, mdudu mdogo wa buluu, hazidi ukucha wa kidole gumba, mgongo wa mviringo, tumbo bapa lenye michoro, na tundu lililompitia toka kichwani hadi mkiani. Mikononi mwangu zimepita shanga za kila aina: za kioo, za mfupa, za udongo, za marijani, za plastiki. Huyu sikumjua. Alikuwa mwepesi kuliko jiwe na ana mng'ao wa kioo, lakini pale alipomeguka mlionekana chengachenga nyeupe kama sukari. Mama yule aliniambia ni zawadi kutoka Misri, akachukua mkufu wake akaenda zake. Mimi nikabaki na swali. Ule mng'ao uliingia kwenye kila mfereji wa miguu na mabawa bila kuacha alama ya brashi wala tone lililochuruzika. Nani aliupaka, na kwa nini?

Soko la Khan el-Khalili usiku ni taa tupu. Dundu wamemwagwa mabakulini kama njugu: wa plastiki, wa jiwe lililochongwa jana, na hapa na pale mmoja au wawili wa kitu kile kile cha mkufu. Muuzaji mmoja alinivuta pembeni, akafungua kitambaa, akaninong'oneza kwamba huyu ametoka kaburini, ana miaka 3,000. Nikamgeuza chini ya taa. Tundu lake lilikuwa limenyooka kama la mashine, kingo kali, halijalika na uzi hata kidogo. Ushanga uliovaliwa hauna tundu la namna hiyo. Uzi hula kingo polepole, hata ukifumba macho kidole kinakuambia. Nilimrudishia nikashukuru. Na hata angekuwa wa kweli nisingemchukua, kwa kuwa Sheria Namba 117 ya mwaka 1983 imekataza biashara ya vitu vya kale, na naona wana haki. Kitu kikishang'olewa mahali pake na kuuzwa gizani, hakuna tena atakayejua kilikuwa shingoni mwa nani.

Mtoto alinyamaza mpaka tulipokaa kunywa chai.

"Shangazi, wale si hirizi wale?"

"Ni hirizi."

"Na wewe umetoka Unguja kuja kujifunza hirizi?"

"Nimekuja kuujua mkono uliozitengeneza."

Akakoroga chai yake muda mrefu. Najua kinachomsumbua, na simlaumu. Sote tumekua tukiona watoto wamefungwa hirizi za ngozi mikononi, na tukiwasikia masheikh wakizikemea kila Ijumaa.

Siku ya pili: Tahrir

Jumba la makumbusho la Tahrir, lile la rangi ya waridi lililofunguliwa mwaka 1902, leo lilikuwa na nafasi ya kupumua. Hazina za farao Tutankhamun zimehamishiwa jumba jipya la Giza na umati umezifuata. Kwangu mimi imekuwa heri. Dundu hutaka usimame nao karibu, pua iguse kioo.

Mdudu mwenyewe tunamjua sote tuliowahi kupita penye zizi. Ni yule mweusi anayefinyanga kinyesi kikawa tufe, kisha akalisukuma kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, hata likamzidi ukubwa. Wamisri wa kale walimwangalia wakaona mambo mawili. La kwanza, tufe linalobingirishwa, kama jua linavyosukumwa mbinguni kutoka mashariki kwenda magharibi. La pili, dundu wapya wanaofumuka kutoka ardhini bila mama kuonekana. Leo tunajua kwamba jike hufukia tufe na kutaga yai ndani yake, na mtoto hula chumba alichozaliwamo hadi akakomaa. Wao waliona kiumbe kinachojiumba. Neno lao *kheper* lilikuwa na maana ya kuwa, kutokea, kugeuka kitu kingine, na liliandikwa kwa picha ya dundu huyo. Jua la asubuhi wakaliita Khepri, la mchana Ra, la jioni Atum.

Nilikuja nikiamini dundu wote wadogo ni wa faiensi, kile kitu cha unga wa mchanga chenye ngozi ya kioo. Nilikosea. Wengi wamechongwa kwa jiwe laini la jamii moja na mawe ya Kisii, yale yanayochongwa Tabaka kule Kenya, kisha wakavishwa ganda la kioo na kuchomwa, na moto ukaligeuza jiwe laini kuwa gumu. Wa faiensi hawakuchongwa. Walikandamizwa kwenye kalibu. Baada ya saa moja nikaanza kuwatenganisha bila kusoma vibao. Mchongo una mistari mikali inayoingia kama kisu. Wa kalibu mistari yake imelainika, imevimba kidogo, kama sura ya mtu aliyetoka usingizini.

Hata jina faiensi si la kwao. Wazungu walilichukua kwa mji wa Faenza, Italia, uliosifika kwa vyombo vya udongo vyenye ganda la kung'aa, wakaona vinafanana. Vinafanana kwa macho tu, maana faiensi ya Misri haina udongo. Wenyewe waliiita *tjehenet*, kinachong'aa. Jina hilo nalipenda zaidi.

Tumboni mwa dundu ndimo mlimokuwa na maneno. Wengine wana jina la mwenyewe na cheo chake, akagandamiza kwenye udongo kufungia mzigo au barua. Wengine wana dua, au michoro mitupu ya kupendeza. Wengi mno wana jina Menkheperre, jina la ufalme la Thutmose wa Tatu aliyetawala karne ya 15 kabla ya Kristo, na watu waliendelea kuliandika kwa karne nyingi baada ya kufa kwake, kama baraka. Amenhotep wa Tatu yeye alitoa dundu wakubwa wenye habari ndefu: ndoa yake na malkia Tiye, ziwa alilomchimbia, simba 102 aliowapiga mishale katika miaka kumi ya kwanza ya utawala wake. Zaidi ya 200 wa aina hiyo wamesalimika. Nikamwambia mtoto, hizi ndizo kanga zao za ukumbusho. Tukio likipita linaandikwa, linagawiwa, linavaliwa.

Kisha tukafika kwa dundu wa moyo. Hawa ni wakubwa, wanajaa kiganja, wengi wa jiwe la kijani, wengine wa faiensi, na waliwekwa kifuani mwa maiti. Tumboni pameandikwa maneno ya sura ya 30B ya Kitabu cha Wafu. Siku ya kupimwa, moyo wa marehemu utawekwa mizanini na unyoya wa Maat, yaani haki, upande wa pili. Maneno yale ni ombi la mtu kwa moyo wake mwenyewe, ule aliopewa na mama yake: usisimame kunishuhudilia, usinipinge mbele ya mshika mizani.

Mtoto, aliyekuwa akinifuata hatua mbili nyuma tangu asubuhi, akasogea. "Nisomee tena." Nikamsomea kile kibao. Akasoma kwa sauti ya chini aya ya 65 ya Sura Yasin, ile isemayo kwamba siku hiyo vinywa vitazibwa, mikono itasema, na miguu itatoa ushahidi.

"Walijua kwamba mwili wa mtu utamsema," alisema. "Ila wao walitaka kuunyamazisha."

Hatukusema zaidi. Tulikwenda kukaa kwenye benchi.

Mchana nilisimama mbele ya wavu wa shanga uliofunikwa juu ya maiti, na hapo ndipo nilipokaa kuliko mahali pengine popote. Shanga ndefu kama vipande vya bomba, za buluu, zimetungwa kwa mshazari zikafanya vyumba vya pembe nne mwili mzima, na penye kila makutano pana ushanga mdogo wa duara ili uzi usisuguane. Kifuani ameshonewa dundu mwenye mabawa yaliyokunjuliwa, ametobolewa pembeni apitishwe uzi, na chini yake wana wanne wa mungu Horus wanaolinda viungo vya ndani. Mimi najua kazi ile ni siku ngapi. Najua mgongo unavyouma, na najua unavyofanya uzi ukikatika umefika kiunoni mwa kazi: unaweka kila kitu chini, unavuta pumzi, unaanza kuhesabu upya.

Siku ya tatu: Saqqara

Farao Djoser alizikwa hapa karne ya 27 kabla ya Kristo, chini ya piramidi ya ngazi iliyobuniwa na Imhotep. Chini ya ardhi, kuta za vyumba vyake zilivishwa vigae vya faiensi vinavyokaribia 36,000. Magoti yangu yamekataa mashimo marefu, basi tukaenda jumba dogo la makumbusho la Imhotep, ambamo wamesimamisha kipande cha ukuta huo.

Vigae vimepinda kidogo mbele, vimepangwa safu kwa safu, na kati ya safu pana mikanda ya chokaa. Nilihitaji dakika moja kuelewa ninachokiona. Ni mkeka! Wameiga mikeka ya matete iliyoning'inizwa nyumbani kwa mfalme, ili akiamka huko aliko ajione yuko kwake. Nyuma ya kila kigae pana kinundu chenye tundu la kupitisha kamba, kifungwe kisidondoke. Fundi aliyetengeneza vigae 36,000 vya ukutani, kila kimoja kwa tundu lake, alifikiri kama mtunga shanga.

Na hao si wa kwanza. Shanga za faiensi zimekutwa kwenye makaburi yaliyotangulia mafarao wote. Huko juu ya mto, Kerma, kaskazini mwa Sudan ya leo, walitengeneza hadi simba wa faiensi wa kupachika ukutani.

Siku ya nne: Wadi Natrun

Mtoto alishangaa kwamba nataka kutumia siku nzima kwenda kuangalia chumvi.

Ni mwendo wa kilomita kama 100 kaskazini magharibi, barabara ya jangwani iendayo Alexandria. Watalii huenda kwa ajili ya monasteri nne za Wakopti, na kweli zinapendeza, kuta nene za rangi ya mchanga na kimya kinachokufanya ushushe sauti. Mimi nilitaka maziwa. Maji yake ni mazito, na ukingoni pameganda ukoko mweupe unaovunjika chini ya kiatu. Nikaokota bonge dogo, nikaligusisha ulimi.

Magadi.

Ni magadi haya haya ya sokoni, yanayolainisha maharage, yanayotiwa kwenye ugoro, ambayo bibi yangu aliyaweka kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Ziwa Natron letu kule kaskazini mwa Tanzania lina jina la kitu hiki, na Ziwa Magadi la Kenya nalo ni hivyo hivyo kwa Kiswahili. Wamisri waliyatumia kukaushia maiti, kufulia, na kwenye faiensi. Mchanga peke yake hauyeyuki mpaka moto upite nyuzi 1,700, moto ambao hapana fundi wa zamani aliyeuwasha. Ukitia magadi, au jivu la mimea ya chumvi, mchanga unakubali kuyeyuka chini ya nyuzi 1,000. Rangi nayo ilitoka kwenye shaba. Faiensi basi ni mchanga, chokaa kidogo, magadi na kutu ya shaba. Hapana hata kimoja hapo kilicho ghali, na kwa hivyo hata asiye na feruzi wala dhahabu aliweza kupata rangi ya feruzi shingoni mwake.

Wakati wa kurudi mtoto alilishika lile bonge kiganjani njia nzima. "Bibi aliyaweka kwenye kopo la maziwa," alirudia, akacheka peke yake.

Siku ya tano: Luxor

Treni ya usiku, kilomita zipatazo 670, usingizi wa kukatika. Kulipopambazuka nikaona Mto Naili kushoto, mitende, na ng'ombe mmoja amesimama kwenye ukungu. Tukavuka mto kwa mashua kwenda ukingo wa magharibi.

Fundi tuliyeelekezwa ni mzee, karakana yake ni chumba kimoja na ua. Alinitazama mikono kabla ya uso. Mtoto alimtafsiria ninavyosema, ingawa yeye mwenyewe alihangaika, maana Kiarabu cha watu wa kusini si cha darasani wala si cha Kairo. Aliposema "anatunga shanga" mzee akavuta kigoda akakiweka karibu na chake.

Kwenye sinia palikuwa na unga mweupe wa kwatsi, lile jiwe linalong'aa kama barafu, umesagwa laini kama sembe. Akatia chokaa kidogo, akatia magadi, akatia unga wa shaba, akachanganya kwa maji machache mno. Akanipa donge. Nilitarajia udongo, nikakuta kitu kingine kabisa. Hakivutiki. Ukikibana kinalegea na kutaka kumwagika, ukikiacha kinakakamaa, ukikikunja kinavunjika. Nikaelewa mara moja kwa nini dundu wa faiensi hawakufinyangwa kwa vidole. Kitu hiki kinataka kalibu.

Kalibu yake ni ya udongo uliochomwa, kama kikombe kidogo chenye dundu wa kinyumenyume ndani. Mchimbaji wa mambo ya kale Flinders Petrie alipochimba mji wa kale wa Amarna mwaka 1891 na 1892 alikuta kalibu za namna hii kwa maelfu. Kabla ya hapo, Naukratis huko Delta walikokaa Wagiriki, alikuta mabaki ya karakana ya dundu ya karne ya 6 kabla ya Kristo. Mali ya huko ilisafirishwa ng'ambo ya bahari hadi Ugiriki na Italia, ikavaliwa na watu wasioweza kusoma hata alama moja ya tumboni. Kwao ilitosha kwamba inatoka Misri.

Nilijaza donge, nikalikandamiza kwa kidole gumba, nikasawazisha tumbo kwa ubao, nikagonga, akatoka. Mzee akanipa bua jembamba la nyasi kutoboa tundu. Unaingiza polepole, unazungusha, hausukumi. Hilo nilijua. Wa kwanza akapasuka. Wa pili, wa tatu na wa nne walikubali. Nikawapanga juani, wana rangi ya jivu lenye maji, hawapendezi hata kidogo.

"Sasa usiwaguse," mzee akasema.

Tukanywa chai. Tukala. Hewa ya Luxor ni kavu, unakunywa maji na bado midomo inapasuka. Alasiri nikawasogelea kuwaangalia, nikapiga ukelele hata mtoto akasimama.

Walikuwa wameota manyoya meupe! Mgongoni, miguuni, kwenye kila mfereji wa mabawa, utando mweupe laini kama ukungu wa asubuhi.

Naujua utando huo. Nimezaliwa Mji Mkongwe, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kila masika yakiisha na kuta zikianza kukauka, chumvi humea ukutani. Mama alikuwa akiifagia kwa ufagio wa chelewa, na baada ya wiki imerudi. Nilidhani inatoka hewani, mpaka marehemu baba aliponieleza kwamba chumvi imo ndani ya ukuta. Maji yanapotoka kwenda kukauka hutoka nayo mpaka usoni, maji yakaenda zake, chumvi ikabaki.

Na hilo ndilo jibu la swali langu la miaka yote. Hakuna brashi. Magadi yaliyomo ndani ya donge husafiri na maji mpaka kwenye ngozi, na penye kila kona maji yalipopitia, chumvi ipo. Tanurini chumvi ile hukutana na kwatsi na shaba, ikayeyuka, ikawa kioo. Mng'ao ule umetoka ndani ya dundu mwenyewe. Watu waliomwita mdudu huyu kwa neno la kutokea walimtengeneza kwa kitu kinachojitolea ngozi yake. Kama waliviona viwili hivyo pamoja au laa, mimi nimeviona.

Mzee alifurahi kwa furaha yangu. Akanieleza zipo njia nyingine mbili: kupaka uji wa unga wa kioo kabla ya kuchoma, na kuwafukia dundu ndani ya unga wenye magadi na shaba, wakachomwa humo humo. Hii ya pili mafundi wa Qom, Iran, walikuwa bado wanaitumia miaka ya 1960, wakitengeneza shanga za buluu za kuwavisha punda dhidi ya jicho baya. Lakini yeye huitaka hii ya kumea.

Nikamwinua mmoja kumwangalia vizuri. Nilipomrudisha, mgongoni palikuwa na doa. Kidole gumba changu kilikuwa kimefuta chumvi.

"Hapo hapatang'aa," mzee akasema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Utando ukishafutwa na donge likishakauka, haurudi.

Siku ya sita: Bonde la Wafalme

Dundu wanakauka, tumewaacha. Kwenye kaburi la Ramses wa Sita nilisimama mlangoni kwanza. Juu ya mlango amechorwa dundu ndani ya duara la jua, pamoja na mungu mwenye kichwa cha kondoo dume, jua la asubuhi na jua la jioni katika nyumba moja. Ndani kabisa, darini, Nut ambaye ndiye mbingu amejinyoosha chumba kizima. Jioni analimeza jua, usiku linapita mwilini mwake, asubuhi analizaa. Nilitazama juu mpaka shingo ikagoma.

Kaburi la Tutankhamun ni dogo, watu wengi, joto. Nilichofuata ni jina lake tu, Nebkheperure: kikapu, dundu, vijistari vitatu, jua. Sasa naweza kulisoma.

Siku ya saba: Karnak

Kando ya ziwa takatifu la Karnak yuko dundu wa granite wa Amenhotep wa Tatu, juu ya nguzo nene ya mviringo. Watalii humzunguka mara saba kuomba bahati. Mtoto alisimama mbali, mikono nyuma. Sikumzunguka mimi pia. Nilikaa kivulini nikawaangalia wanaozunguka. Kuna bibi mmoja alizunguka taratibu sana na mkongojo wake, akimshika mjukuu mkono, na uso wake ulikuwa wa mtu aliye na haja kweli. Nikamwombea kwa njia yangu.

Jioni tukarudi kwa mzee. Tanuri lake ni dogo, la gesi. Aliwapanga dundu juu ya vipande vya udongo, tumbo chini, wasigusane, maana wakigusana watashikana milele. Moto aliupandisha polepole kwa saa nyingi hadi kama nyuzi 900. Ana kipimo, lakini nilimwona akitazama zaidi rangi ya moto kwenye kitundu cha mlango. Usiku wa manane akauzima, akafunga kila upenyo, akatuambia tukalale.

Siku ya nane

Alfajiri tuliswali, tukaja na mkate. Mzee hakutaka kufungua mpaka alipoweza kuweka kiganja juu ya tanuri bila kukiondoa. Saa mbili ya asubuhi akafungua.

Wamegeuka! Jana nimeweka wadudu wa jivu, leo wamo buluu ya feruzi, buluu ya maji ya Nungwi saa sita mchana. Mng'ao umeingia kila mfereji, umezidi kidogo penye mabonde, umepungua penye kingo, na tumboni pamebaki wazi, pakavu, peupe, pale walipokaa. Mmoja tundu lake lilizibwa na kioo. Mzee akalifungua kwa sindano na pigo moja dogo, nikamwomba anioneshe mara ya pili. Alikataa pesa ya mafunzo, akapokea ya dundu. Nikamwachia fundo la uzi wangu wa nta, ule ninaoutumia kwa mikufu mizito, na akauvuta kwa meno kuupima, kama ninavyofanya mimi.

Yule wa tatu ana doa mgongoni. Mahali pa kidole gumba pamekuwa peupe pa kukwaruza, na ukimgeuza kwenye mwanga unaona hata mistari ya ngozi yangu.

Nilikuwa nimemweka kando. Mtoto akamwokota.

"Huyu nipe mimi, shangazi."

"Wewe? Na hirizi?"

"Si hirizi. Ana kidole chako."

Amemtia kwenye kibweta chake cha kalamu, amemzungushia karatasi. Treni ya kurudi Kairo ni saa tatu usiku. Wawili waliobaki nimewashonea ndani ya upindo wa lile koti la sufu.